Asubuhi ya Tumbo Tupu

Mtu akikuambia Kathure ni mwoga, mwulize kama amewahi kumwona akibishana na askari wa kaunti. Mimi nimemwona. Walikuja kuwaondoa wanawake wanaouza miraa kando ya barabara, wenzake wakakunja magunia na kutawanyika, yeye akabaki ameketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Akawauliza wale vijana kama mama zao wanajua wako wapi saa hizo. Wakacheka. Mtu akishacheka, kukufukuza kunamshinda. Siku hiyo Kathure aliuza mpaka jioni, peke yake, kwa bei aliyotaka.

Alishuka kutoka milima ya Nyambene hadi mji huu wetu wa nyikani akiwa na miaka kumi na tisa na mfuko mmoja wa nguo. Ndani ya mwaka alikuwa anaongea Kiborana cha kutosha kumtania mteja, na Kisomali cha kutosha kumkatalia. Biashara ilipolala hapa mjini alipanda lori la mizigo mpaka Merti, akauza miraa huko miezi miwili, akarudi amekonda na amepata mume. Mume huyo ni Kirimi, fundi wa mashine za visima, mtu mpole ambaye mikono yake haiishi grisi. Walihamia ploti yetu, vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, miaka sita iliyopita. Chumba chao kinapakana na changu, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao nyembamba, yaani ni kitu ambacho hakizuii hata chafya.

Mimi ni Wakonyo. Hapa wananiita Mama Githinji. Nina duka dogo mbele ya ploti, nina miaka sitini na moja, na mdomo wangu unajulikana kutoka hapa mpaka Burat. Nasema hivi mapema kwa sababu katika habari hii kuna mahali mdomo huo ulikataa kufunguka, na mtoto wa watu nusura alipe.

Mtoto mwenyewe ni Makandi, binti ya Kathure, miaka minne. Alipofikisha mitatu alianza kukoroma. Mwanzoni tulicheka. Kirimi alimrekodi kwa simu, akatuchezea sauti hiyo uani, tukashika mbavu, kitoto kidogo kinakoroma kuliko dereva wa lori! Halafu kukoroma kukaanza kuwa na mapengo. Anavuta pumzi, anavuta, kisha kimya. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ndipo anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini. Hakuna aliyecheka tena.

Kutoka hapo Kathure akaacha kulala. Sisemi alilala kidogo. Aliacha. Alikuwa anaketi kitandani, mgongo ukutani, kiganja juu ya kifua cha mtoto, na kila pengo likizidi nilimsikia kupitia zile mbao: "Makandi. Makandi, pumua." Asubuhi anaenda kufunga miraa macho mekundu, na wateja wanadhani ametafuna yeye mwenyewe.

Yalikuwa mafindofindo, haya tunayoyaita tonsili. Kila mwezi homa, kila mwezi dawa ya maji yenye rangi ya waridi, wiki mbili za nafuu, kisha tena. Kumeza kulimshinda. Alikuwa anaongea kama mtu mwenye kipande cha ugali moto mdomoni. Mwishowe hospitalini daktari alimwangalia kooni na kumwambia mamake kwamba zile tonsili mbili zimekaribia kukutana katikati, na hewa inapita kwenye nafasi isiyotosha kidole. Zitolewe, akasema, na zisingoje mwaka ujao. Daktari bingwa wa koo anafika hapa mara moja kila miezi miwili, anafanyia watoto sita upasuaji kwa siku moja, anaondoka. Jina la Makandi likaandikwa.

"Watamkata koo," Kathure aliniambia jioni hiyo.

"Si koo. Ni tonsili."

"Na hizo tonsili ziko wapi, Mama Githinji? Ziko kwa goti?"

Lakini kisu hakikuwa ndicho alichokiogopa zaidi, nilikuja kuelewa baadaye. Alichoogopa ni dawa ya usingizi. Mwaka mzima na zaidi amekesha akizuia mtoto asilale usingizi usio na pumzi, sasa anaambiwa amkabidhi kwa watu ili wamlaze kwa makusudi, tena ndani ya chumba ambacho yeye haruhusiwi kuingia. Aliniambia hivyo akiwa anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Nilimwambia asifikirie sana. Hayo ndiyo maneno ya kipuuzi kuliko yote ambayo mwanamke mzima anaweza kumwambia mwenzake.

Zilibaki wiki tatu kufika siku yenyewe. Akaanza kuuliza kila mtu. Ukija kununua miraa, kabla hujapewa chenji umeulizwa kama unamjua mtoto aliyetolewa tonsili, na kama aliamka. Mwingine alimshauri tangawizi, mwingine samli, mwingine asali ya Oldonyiro. Mzee mmoja alimwambia hayo mambo ya hospitali ni kupoteza wakati, kuna mtu mtaani anakata kimeo kwa kisu kilichopitishwa motoni, dakika moja tu, ameshuhudia watoto mia. Kathure akamwambia aanze na mjukuu wake. Hata hivyo jioni aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama namfahamu huyo mtu wa kisu. Nilimfokea mpaka majirani wakatoa vichwa.

Miraa yake ikaharibika. Hufunga kilo kwa majani ya migomba hivi kwamba huwezi kupitisha sindano, lakini wiki hizo vifurushi vilikuwa vinafunguka mikononi mwa watu. Blanketi la mtoto alilifua mara tatu kwa wiki. Begi la hospitali alilipanga, akalipangua, akalipanga. Na kila mara alimmulika mtoto kooni kwa tochi ya simu kuona kama zile tonsili zimepungua zenyewe, mpaka ikawa Makandi akiona mtu yeyote ameshika simu, anakuja mwenyewe, anasimama mbele yake na kufungua mdomo. Alimfanyia hivyo mtu wa kuuza kadi za simu. Tulicheka, naye Kathure alicheka, kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka giza.

Kirimi hakuwepo. Mashine ya kisima cha Biliqo ilikuwa imekufa, na huko ng'ombe na ngamia wa watu walikuwa wamesimama wakingoja maji. Hapo fundi haondoki kwa sababu ya tonsili. Alipiga simu siku mbili kabla, amepanda juu ya tangi kutafuta netiwaki. "Fanyeni tu," akasema. "Nikimaliza hapa nakuja." Halafu sauti ikakatika. Kathure akabaki anaitazama simu. Mwanamke aliyekuwa hamwogopi askari wala dereva wala simba wa barabara ya Merti, nilimwona anaogopa simu iliyozimika.

Sasa nije kwangu.

Mimi dawa yangu ya kila kitu ni chai. Msiba, chai. Ugomvi, chai. Na lazima mjue kwamba katika ploti yetu, na katika mji huu mzima ninaoujua mimi, chai haihesabiwi. Mtu anaweza kukuambia hajala kitu tangu jana, na tangu jana amekunywa vikombe vinne vya maziwa na sukari, wala hasemi uongo. Makandi alizaliwa akanikuta hivyo. Kila asubuhi anasukuma pazia langu, anaketi juu ya kreti ya soda na kusema, "Cucu, chai," yaani bibi, chai. Tangu koo lianze kumsumbua, chai yangu ya vuguvugu yenye maziwa mengi ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinapita bila machozi. Mamake alinishukuru kwa hilo mara nyingi.

Siku ya kuamkia upasuaji, Kathure alirudi kutoka hospitalini alikokwenda kuchukua maagizo. Alinipita mlangoni na ndoo ya maji mkononi. "Mama Githinji, kuanzia saa sita usiku Makandi asile kitu. Usimpe mandazi kesho."

"Sawa," nikasema.

Hayo tu. Sikuuliza, hakufafanua. Yeye akili ilikuwa imeshafika kwenye mlango wa upasuaji, nami nilikuwa napima sukari ya mtu.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Kathure akiwa bafuni, pazia likasukumwa. Makandi akaketi kwenye kreti yake. Mandazi yalikuwa yametoka jikoni sasa hivi. Nikayafunika haraka na bakuli, nikamwambia, "Leo hakuna mandazi. Leo ni daktari." Akaanza kulia. Ile sauti yake iliyobanwa ilinikata maini. Basi nikamimina nusu kikombe, maziwa kuliko majani, vijiko viwili vya sukari ili apate nguvu za kwenda huko. Akanywa polepole, akapangusa mdomo kwa mkono wa sweta, akaondoka. Nikayafunua mandazi yangu. Niliona fahari, nakwambia! Nilijiona nimekuwa mlinzi hodari wa sheria ya hospitali.

Tukaenda wote watatu kwa tuktuk. Kathure alimshika mtoto kifuani njia nzima. Nilimwachia mtu mwingine duka siku hiyo kwa sababu nilijua hawezi kuketi kwenye lile benchi peke yake.

Tuliwakuta mama wengine watano. Muuguzi aliyetupokea anaitwa Habon, mrefu, sauti ya chini, mtu asiye na haraka. Alianza na Makandi kwa kuwa mdogo kabisa ndiye hutangulia. Akauliza jina. Umri. Dawa zinazomdhuru. Kama ana jino linalotikisika. Kama ana mafua. Kisha akaweka kalamu chini na kumtazama Kathure usoni.

"Na tangu saa sita usiku, amekula ama amekunywa kitu chochote? Uji, maziwa, chai. Hata kidogo."

"Hakuna, sista."

"Nauliza tena kwa sababu ni muhimu. Akilala na kitu kwa tumbo, kinaweza kupanda juu kiingie kwa mapafu. Mtoto anaweza kutuponyoka hapo hapo. Una hakika?"

"Hakuna," akasema Kathure.

Nilikuwa nimeketi karibu naye hivi kwamba bega langu liligusa lake. Nilisikia neno chai likiingia sikioni na kushuka mpaka tumboni na kukaa huko. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikaufunga.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia ni nusu kikombe tu. Nilijiambia daktari akiondoka leo, harudi mpaka miezi miwili ipite, na huyu mwanamke atarudi kuketi kitandani mgongo ukutani. Nilijiambia yamepita masaa mawili na nusu, na chai ni maji, maji hupita. Hayo yote niliyasema moyoni, na chini yake kulikuwa na jambo moja tu: niliogopa Kathure atageuka anitazame. Mimi ambaye humfokea chifu mbele ya watu, niliogopa macho ya muuza miraa.

Wakampima mtoto uzito. Kilo kumi na mbili. Wakamvisha gauni la kijani lililomfika visiginoni. Kathure alimwinamia akamwimbia kitu kwa Kimeru, bila sauti, midomo tu. Habon akatoa kitochi kidogo mfukoni, na Makandi, kuona tu taa, akafungua mdomo wote. Mama mmoja kwenye benchi akacheka. Habon akambeba. Mlango wa mbao wenye maandishi ya kukataza watu kuingia ukafunguka, ukafungwa.

Tulibaki tumesimama. Kisha Kathure akaketi. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, kama imesahau ilikuwa imeshika nini.

Mimi sikuketi. Siwezi kusema niliamua, kwa sababu kichwa kilikuwa bado kinabishana. Miguu ndiyo iliyoamua. Nilivuka ule ukumbi, nikaupiga mlango kwa kiganja, nikaupiga tena, nikapiga kelele, "Amekunywa chai! Mtoto amekunywa chai ya maziwa! Mimi ndiye nimempa!"

Mlango ukafunguka. Akatoka daktari mwenyewe, kitambaa cha mdomoni kimeshushwa kidevuni.

"Saa ngapi, mama?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. "Maziwa mengi. Na sukari."

Akatazama saa ya ukutani. Nilikuwa nangoja anitukane, ningeshukuru kama angenitukana. Akasema, "Asante kwa kusema." Halafu akamgeukia Kathure. "Lazima masaa sita yaishe. Nitamweka wa mwisho. Lakini siwezi kukuahidi. Mbele yake wako watano, na saa tisa ni lazima niwe barabarani. Nikipata nafasi nitamfanyia. Nisipopata, tutaonana safari ijayo."

Habon akamrudisha Makandi na gauni lake. Analia, ana njaa, hajui kosa lake. Kathure akampokea, akapita mbele yangu, akaenda kuketi mwisho kabisa wa benchi.

"Mama Makandi," nikasema.

"Wacha."

Tulikaa hivyo masaa manne na zaidi. Ukitaka kujua muda ni mrefu kiasi gani, keti na mtoto wa miaka minne anayeomba maji na huruhusiwi kumpa. Alionyesha bomba. Alionyesha chupa za watu. Kathure alimfunga mgongoni na leso, akatembea barazani kutoka nguzo hadi nguzo, akageuka, akarudi, na kila alipofika upande wangu aliinua macho juu ya kichwa changu. Sikumlaumu. Nilikuwa nimekaa na begi lao mapajani kama mtumishi aliyefukuzwa ambaye hajaambiwa aende wapi.

Watoto wengine waliingia mmoja mmoja na kutolewa mmoja mmoja kwenye kitanda cha magurudumu, wamelala ubavu, damu kidogo kwenye pembe ya mdomo. Kila kitanda kilipopita, Kathure alisimama na kumtazama mtoto kifua. Kikipanda, yeye naye anapumua.

Saa sita na kitu simu yake ikalia. Ni Kirimi, bila shaka yuko juu ya tangi. Nilisikia sauti yake nyembamba ikiuliza kama mtoto ameshatoka.

"Bado," Kathure akasema. "Wamechelewa kidogo. Hakuna shida."

Hakunitaja. Nilidhani ni huruma, nikaona machozi yananijia, nikajifanya nafunga zipu ya begi.

Saa saba ikapita. Mtoto wa tano alikuwa bado ndani. Saa saba na nusu. Nilikuwa naitazama saa kama ningeweza kuishika mshale. Miezi miwili, nilifikiri. Kwa nusu kikombe, nitakuwa nasikiliza lile pengo kupitia mbao kwa miezi miwili, na siku moja huenda pengo lisifungwe, na itakuwa ni mimi. Nilimwomba Mungu waziwazi, midomo ikitembea, bila kujali nani ananiona.

Saa nane kasorobo Habon akatokea. "Makandi."

Kathure alimfungua mgongoni, amelala kwa njaa na kulia. Akamkabidhi. Mlango ukafungwa. Safari hii aliketi pale pale alipokuwa, nami pale pale nilipokuwa, na kati yetu kulikuwa na benchi tupu la kutosha watu wanne. Hakuna aliyesogea.

Hata saa moja haikuisha. Daktari alitoka akiwa amevaa tayari nguo za safari. Imeenda vizuri, akasema, damu imekata, mtoto ameamka na analia, na kulia ni kuzuri. Kathure alipita chini ya mkono wake akaingia ndani. Mimi nilibaki nikilia kwa sauti kama mtoto mdogo, na mfagiaji akanisogezea kiti.

Baadaye Habon alinijia. "Mama yake anasema uingie."

Makandi alikuwa amelala tena, ubavu, blanketi lake la kufuliwa mara tatu limemfika kidevuni. Kilichonishtua ni kimya. Kwa muda wa mwaka mmoja sikuwahi kuwa karibu na mtoto huyo amelala bila kelele. Nikainama haraka. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka, ndogo, laini, haina pengo. Kathure alikuwa ameweka kiganja kifuani pake kama kawaida.

"Hakoromi," akasema bila kunitazama.

"Hakoromi."

Akalisawazisha blanketi. Kisha, "Ulijua saa ngapi kwamba umekosea?"

"Habon alipotaja chai."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulikuwa unangoja nini, Mama Githinji?"

Nilimwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine kilichobaki. Nilimwambia niliogopa daktari ataondoka, lakini zaidi niliogopa atanichukia. Nikasimama nikingoja maneno yake. Nilijua ana maneno, nimemsikia akiwapa watu, na haya nilikuwa nimeyastahili.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema.

Sikuelewa.

"Nikimvalisha nyumbani, mdomo wake ulikuwa unanuka chai. Na kwa sweta kulikuwa na maziwa. Nikapangusa." Alikuwa anaongea na blanketi. "Jana sista alinieleza vizuri. Hata maziwa, hata chai. Alirudia mara mbili. Mimi ndiye sikukuambia yote, nilisema mandazi tu. Halafu leo akiniuliza nikasema hakuna. Akiniuliza tena nikasema hakuna."

"Kathure."

"Miezi miwili mingine, Mama Githinji. Usiku sitini. Nilifikiria hizo usiku nikasikia siwezi hata moja. Nikasema ni kidogo tu, Mungu anaona." Mkono wake ulikuwa bado juu ya kifua cha mtoto, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka chini yake. "Wewe ulisimama. Mimi ni mamake, na mlango ulifungwa, na nilikuwa nimeketi. Kama hungegonga, singegonga."

Yale masaa manne yote nilidhani ananikasirikia mimi. Nilimzunguka, nikamshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu, akalia bila sauti ili asimwamshe mtoto. Nilijua kabisa usiku sitini unamaanisha nini, nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Usimwambie Kirimi," akasema alipomaliza. "Nitamwambia mimi."

Kirimi alifika siku tatu baadaye, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mji wetu ni mdogo, na mmoja wa wale mama wa kwenye benchi ananunua unga kwangu, hivyo kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshasimuliwa habari ya chai barabarani. Hakupitia kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja mpaka mlangoni pangu, mpole yule, sijawahi kumwona vile, mdomo unamcheza.

"Mama Githinji, nimekuheshimu kama mama yangu," akasema. "Lakini ungeniulia mtoto."

Kathure alikuwa ametoka akamfuata, amembeba Makandi. Alisimama nyuma ya bega la mumewe. Nilimtazama nikingoja. Midomo yake ilifunguka, ikakaa hivyo, ikafumbwa, na macho yakashuka kwa mtoto.

"Ni kweli, Baba Makandi," nikasema. "Nisamehe."